Land Rover ya Baba

Dereva anayeshuka kona za Lukumburu kuja kwetu Songea hana haja ya kuulizwa breki zake zikoje. Mteremko utamwambia.

Baba alituachia Land Rover 109 ya mwaka 1968. Tangu afariki ilikaa nyuma ya nyumba hapa Mfaranyaki, kuku wakitagia kwenye kiti. Mama alitaka iuzwe chuma chakavu. Baba mdogo akakataa katakata: "Shemeji, hii itatembea." Mama akajibu, "Kutembea si kazi. Itasimama?"

Basi tukaanzia breki. Fundi mmoja alishauri tung'oe zote, tufunge diski za gari la Kijapani. Wengi hufanya hivyo, siwalaumu. Lakini diski hutaka mguu wenye nguvu zaidi, na hii yetu haina kifaa cha kuusaidia mguu. Masta silinda nayo ilitengenezwa kwa kupimiwa dramu. Ukigusa kimoja utagusa vyote.

Nilipofungua gurudumu la mbele nikaelewa kwa nini wazee waliziamini. Kila upande una wili silinda mbili, kila moja inasukuma breki shuu yake kufuata mzunguko wa dramu, hivyo mzunguko wenyewe unaivuta shuu ikaze. Ukienda mbele inashika kwelikweli. Ukirudi kinyumenyume faida hiyo hupotea. Nadhani ndiyo maana baba hakupenda kurudi nyuma mlimani.

Mipira ya ndani ilikuwa imevimba kama maandazi. Kuna mtu aliwahi kujazia oili ya injini, na oili hiyo huua mpira wa breki. Tukaagiza mipya Dar es Salaam, tukagongea lainingi kwa riveti, tukaosha mabomba kwa spiriti. Kutoa upepo ikawa kazi yangu: baba mdogo kwenye pedali, mimi mgongo chini na spana. "Pampu! Shikilia!" Mpaka giza.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: bomba ni la njia moja. Likipasuka popote, magurudumu yote manne yanakosa breki. Baba mdogo anasema enzi zao waliteremka kwa gia. Sawa, lakini enzi zao hapakuwa na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka barabarani.

Mama amepanda mara moja, mpaka sokoni, kashika mlango njia nzima. Wiki ijayo baba mdogo anataka tumpeleke kwao Mbinga. Mimi nimesema kwanza tubadili yale mabomba ya mpira, na hela yake bado hatuna.