Mhadhiri na Filamu za Mizimu

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini akiwa na simu mkononi, akaniomba radhi kabla hata hajaketi. "Mwalimu, naomba usinicheke," alisema. Kisha akanionyesha video ya dakika kumi na moja aliyoitengeneza na wenzake watatu wakati wa likizo, nyumbani kwao upande wa kaskazini-mashariki ya Mlima Meru. Hawakuwa na kamera ila simu hiyo. Taa yao ilikuwa tochi iliyofunikwa kitambaa, na ukungu hawakuununua, kwa maana mwezi wa Julai kule mlimani unapatikana bure.

Katika video hiyo kijana anarejea nyumbani usiku, akasikia chuma kikiburutwa juu ya mawe. Anageuka na kumwona mtu aliyevaa kaptura na kofia ngumu, asiye na uso, akiburuta mnyororo wa kupimia ardhi. Mzimu huyu haui mtu. Anapima tu. Kila asubuhi wanakijiji wanakuta vigingi vyake vimesogea hatua moja kuelekea kwenye nyumba zao.

Sikucheka. Nywele zilinisimama, nikamwomba airudie.

Wasomaji wa safu hii wamenizoea nikiandika juu ya bajeti, katiba na uchaguzi. Leo naungama kwamba usiku, nikimaliza kusahihisha kazi za wanafunzi, ninaangalia filamu za kutisha, hadithi za majoka na wachawi, na zaidi ya yote video ambazo mashabiki wenyewe hutengeneza na kuzipandisha mtandaoni. Mwaka 2009 mashabiki wa J. R. R. Tolkien nchini Uingereza walitoa bure mtandaoni filamu yao, *The Hunt for Gollum*, iliyotengenezwa kwa kujitolea na kwa fedha kidogo mno. Mwaka uliofuata Isaac Nabwana wa Wakaliga, mtaa wa kimaskini jijini Kampala, alitoa *Who Killed Captain Alex?*, yenye helikopta za kuchora kwa kompyuta na bunduki zilizoundwa kwa vyuma chakavu. Nabwana alikuwa akifyatua matofali, na filamu nyingi za utotoni mwake hakuzitazama bali alisimuliwa na kaka zake. Leo kazi yake imetazamwa na mamilioni ya watu duniani.

Mapenzi haya sikuyatoa ughaibuni. Niliyapata katika kibanda umiza cha Ngarenaro, penye mabenchi ya mbao, televisheni moja na joto la miili yetu. Filamu zilikuwa za Hong Kong na Marekani, lakini sauti ilikuwa ya Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Alifasiri, akafafanua, akatania, na akaongeza mambo ambayo mtunzi wa filamu hakuyaota. Sisi watoto tulijifunza pale, bila kuambiwa na mtu, kwamba hadithi ya mwenzako unaweza kuichukua, ukaisimulia upya, nayo ikawa yako.

Wenzangu wasiopendezwa na mambo haya huniletea mashtaka mawili. La kwanza ni kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Nakubali kwamba Wazungu walitumia hadithi za ajabu kututawala pia. Riwaya ya Rider Haggard ilifasiriwa mwaka 1929 kwa jina la *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, na vizazi vya wanafunzi wetu waliisoma Afrika ya kubuniwa kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 1962 Hollywood ilileta *Hatari!*, iliyopigwa picha katika nyanda zetu hizi, Momella ikiwamo, na mlima wetu ukawa pazia la nyuma la John Wayne. Lakini hofu zenyewe tulikuwa nazo. Wazee wetu walisimulia habari za mumiani, watu waliodaiwa kukamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu. Katika miji ya kikoloni ya Afrika Mashariki waliotuhumiwa mara nyingi walikuwa wazimamoto na watumishi wengine wa serikali. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo mwaka 2000. Alituonyesha kwamba hata kama damu haikunyonywa, uvumi huo unatueleza jinsi watu walivyouona utawala uliochukua nguvu zao bila kuwaeleza sababu. Na katika miaka ya 2000 Mussa Banzi alituletea *Nsyuka* na *Shumileta*, filamu za kutisha zilizotengenezwa hapa hapa nchini kwa Kiswahili.

Shtaka la pili ni zito, nami sina jibu jepesi. Wanasema filamu hizi hueneza ushirikina katika nchi ambayo ushirikina unaua. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilipoikumba Zanzibar, watu wasio na hatia walishambuliwa na makundi yenye hasira. Ajuza wenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi, wameuawa Usukumani. Na sote tunakumbuka mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino.

Shtaka hili liliwahi kunifika darasani kwangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilionyesha kipande cha filamu ya kigeni ambamo muuaji ana ngozi nyeupe mno na nywele nyeupe. Nilitaka kueleza jinsi mwanga na kivuli vinavyojenga hofu, na wanafunzi walipiga kelele kwa furaha. Mmoja wao, msichana mwenye ualbino, alinyamaza. Alinisubiri mlangoni hadi wenzake walipoondoka. "Mwalimu," aliniambia kwa adabu, "nyinyi mnaogopa huyu wa kwenye filamu. Mimi nikitoka hapa jioni naogopa watu."

Nilimwomba msamaha, naye akanisamehe kwa upole nisioustahili. Tangu siku hiyo najiuliza swali moja mbele ya kila hadithi ya kutisha: inatufundisha kumwogopa nani? Ipo hadithi inayomwelekezea kidole mnyonge, yaani ajuza, mlemavu, mgeni, mwanamke anayeishi peke yake. Hadithi hiyo ni binamu wa kundi lenye mapanga, hata ikiwa imetengenezwa kwa ustadi. Na ipo inayomwelekezea kidole mwenye nguvu aliyetenda dhuluma akaondoka bila kuulizwa.

Ndiyo maana mzimu mwenye mnyororo alinisisimua. Nilimwuliza kijana wangu alimtoa wapi. Hakumtoa kitabuni. Bibi yake alikuwa mtoto Engare Nanyuki mwezi Novemba 1951, serikali ya kikoloni ilipowahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili kuwapisha walowezi wafugaji. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kusimama huko. Somo hilo nimelifundisha mara nyingi, na wanafunzi hulinakili kwa utulivu wa watu wanaongojea chakula cha mchana. Dakika kumi na moja za simu zililifanya lisisahaulike.

Hata hivyo video hiyo ilikuwa na kasoro moja. Katikati yake wanakijiji wanamshuku ajuza wa jirani kuwa ndiye aliyemtuma mzimu, wanamfukuza kwa fimbo, na muziki unageuka kuwa wa kuchekesha. Nilimsimulia kijana kisa cha yule msichana wa mlangoni. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Lakini Mwalimu, ajuza mwenyewe ni bibi yangu, na alicheka sana tulipokuwa tukirekodi."

"Muulize," nilimjibu, "kama angecheka wakija kweli."

Aliniuliza jambo jingine pia: je, akiipandisha mtandaoni atashtakiwa? Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa walitafakari swali hilo. Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, na inadai kibali kabla ya filamu kutengenezwa. Wakati huo kupiga filamu kulihitaji mitambo na fedha nyingi. Leo mtambo huo umo mfukoni mwa kila mwanafunzi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai ada na leseni zilizofika zaidi ya shilingi milioni 2. Zimerekebishwa baadaye, lakini hofu yake imebaki. Sisemi pasiwe na sheria. Hadithi inayochochea mauaji ya wanyonge yapaswa kuzuiwa. Nasema kazi za vijana zisizo za biashara zipewe njia fupi, isiyo na ada, yenye maelezo ambayo mtu wa miaka ishirini anaweza kuyaelewa bila wakili. Anayetengeneza filamu pamoja na bibi yake asijione mhalifu.

Majuma mawili baadaye alirudi. Walikuwa wamekwenda tena mlimani na kulirekodi upya tukio lile. Sasa wanakijiji wanakuja na fimbo zao, na ajuza anawatazama tu. Anawaambia kwamba mzimu huyo anamfahamu, kwani alimwona akiwa mtoto, mchana kweupe, tena alikuwa na uso. Kisha anatembea hadi kwenye kigingi kilicho karibu na mlango wake, anainama, na kuking'oa.

"Hilo la kung'oa hatukuliandika," kijana aliniambia. "Alilifanya mwenyewe."