Kulinda Glasi Si Kazi ya Wasichana Peke Yao

Otonglo, Kisumu

Okewa wangu, mpwa mpendwa,

Mama yako ameniambia umepata chumba huko Maseno pamoja na wenzako, na kwamba muhula ukianza tu kuna sherehe ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Nimefurahi. Ila kuna neno ambalo mjomba akilinyamazia atakuwa hajakulea.

Neno lenyewe ni mchele, yaani dawa za usingizi zinazotiwa kwenye kinywaji cha mtu bila yeye kujua. Zamani habari zake zilikuwa za wanaume wa baa: mtu anazimika kitini, akiamka hana simu wala pesa. Dawa hizohizo hutiwa pia kwenye vinywaji vya wasichana wa vyuo, na anayezitia huko hatafuti simu. Msichana huonywa tangu nyumbani: usiache glasi yako, usipokee chupa iliyokwisha kufunguliwa, usitoke peke yako. Maonyo hayo ni mema, nawe yafuate, maana mvulana pia huwekewa mchele na hubakwa. Lakini wavulana huonywa na nani? Anayetia dawa huwa amekuja na marafiki, na marafiki hao ndio wa kwanza kuona. Ndiyo sababu barua hii nimekuandikia wewe, sikumwandikia dada yako.

Usitegemee kuona unga wala kusikia harufu. Dawa nyingi za usingizi hazionekani zikishayeyuka, na pombe huziongezea nguvu. Mara nyingi kinachotiwa ni pombe kali tu, ndani ya soda ya mtu asiyekunywa pombe. Kwa hiyo mtazame mtu. Ukiona aliyekunywa kidogo anapepesuka, ulimi umekuwa mzito, hajui yuko wapi, na kuna mwanamume anayeharakisha kumwitia boda ili ‘ampeleke nyumbani’, simama. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Waite rafiki zake wa kike, muulize huyo bwana jina la msichana na mahali anapoishi, na msichana asiondoke naye. Usimchukue peke yako hata kama nia yako ni njema. Akitapika, mlazeni kwa ubavu. Asipoamka, mpelekeni hospitali mara moja, na kinywaji kilichobaki mkihifadhi.

Wenzako watakwambia usiingilie mambo ya watu. Waambie sheria imekwisha kuingilia. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inasema kwamba kumpa mtu kitu cha kumlevya ili aingiliwe ni kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 10. Cha kubaka pia hakipungui miaka 10, na cha wanaobaka kwa kundi ni 15 kwenda juu. Humo anahesabiwa hata aliyekuwa pamoja nao kwa nia moja. Na ulishike hili kwa ajili yako mwenyewe: aliyelewa hadi akili imemtoka hawezi kuridhia. Akicheka, akikushika mkono, hata akisema ndiyo, mpeleke kwa rafiki zake ukalale zako.

Ikiwa maovu yamekwisha kutendeka, saa zinahesabiwa. Hospitali kwanza. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ni ndani ya saa 120. Asioge, asifue, nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Apimwe mkojo upesi, kwa kuwa baadhi ya dawa hizi hutoweka mwilini kabla ya siku moja kwisha. Pale Russia, yaani Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, wapo wanaohudumia waliotendewa ukatili huu. Daktari atajaza fomu ya huduma baada ya ubakaji. Polisi watatoa fomu ya P3 kwa ajili ya kesi. Simu ya msaada ya 1195 hailipishwi. Wewe kazi yako ni kumsindikiza na kumwamini. Usimwulize alivaa nini wala alikunywa ngapi.

Watakuja wazee, pengine wa ukoo wetu, waseme yamalizwe nyumbani. Usikubali. Barabara hii inayopita Otonglo ndiyo inayokwenda Busia, na huko, mwaka 2013, msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi akitoka matangani. Polisi waliwapa watuhumiwa adhabu ya kufyeka nyasi, kisha wakawaachilia. Watu walikataa, wakaandamana Nairobi, wakakusanya sahihi zaidi ya milioni moja. Aprili 2015, watatu kati ya watuhumiwa hao walihukumiwa miaka 15 jela. Hukumu ile isingepatikana kama waliosikia wangenyamaza.

Sasa nakuomba jambo moja. Kabla ya sherehe hiyo, kaa na wenzako wa chumbani mkubaliane nani hatakunywa usiku huo, mtaondoka pamoja saa ngapi, na mtamwambia nini rafiki yenu akianza kumvizia aliyelewa. Mkubaliane mkiwa na akili timamu, maana muziki ukishapaa hakuna anayemsikiliza mwenzake. Ukikwama, nipigie hata saa nane usiku. Nitapokea, na nitakuja.

Soma kwa bidii, umsalimie mama yako.

Ni mimi mjomba wako.