Gari Lililofuata Maji

Mimi ni mwanamke wa Milamba, rasi ya Afungi, kaskazini mwa Msumbiji, mtu wa kufuata maji tangu utotoni. Bamvua likifika na miamba ikawa wazi, tulishuka na ndoo na vyuma vya kuchokolea pweza, tukapanda na chaza na makombe kabla maji hayajajaa. Ukishainjika mhogo, ulimtuma mtoto pwani akakuletee kitoweo.

Mwaka 2019 tukahamishiwa Quitunda, kijiji kilichojengwa kwa ajili yetu tuliopisha mradi wa gesi. Nyumba ni za matofali, sizikashifu. Lakini bahari tuliiacha mbali, kilomita kama 10. Ndipo likaja gari la kutupeleka pwani, njia ya kwanza ya basi tuliyoweza kuiita yetu. Zamani gari kwetu lilikuwa chapa, yaani basi dogo la abiria, la kwenda mji wa Palma, na hilo lilikuwa la mwenye nauli.

Tatizo likawa saa. Gari liliondoka wakati uleule kila asubuhi, na maji hayaendi hivyo. Leo yakikauka saa nne kasorobo, kesho ni saa nne na nusu, keshokutwa saa tano na zaidi. Ikipita wiki moja, saa yalipokuwa makavu ndiyo saa yamejaa. Tulifika tukakuta miamba imefunikwa, tukakaa juani na ndoo tupu. Siku nyingine dereva alipiga honi pweza ndio kwanza wanaonekana, na anayebaki anarudi kwa miguu. Nimelia kwa ajili ya honi ile.

Dereva alikuwa kijana wa bara, hakuzaliwa na bahari. Wazee wa kike walimkalisha wakamfundisha: mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hukauka karibu saa nne asubuhi, hesabu kutoka hapo. Tangu siku hiyo, jioni akituteremsha, aliuliza, "Kesho saa ngapi, mama?" Tulimjibu, naye akaja kwa saa hiyo. Ndoo zikaanza kujaa.

Kisha Machi 24, 2021, Palma ikashambuliwa na waasi. Gari likasimama. Maelfu ya watu walikimbilia Quitunda, wakalala kwenye baraza zetu, wengine wakingoja meli ya kwenda mji wa Pemba, hukuhuku Msumbiji. Mimi sikuondoka, mama mkwe hakuweza kutembea. Tulikula mhogo mtupu, na pwani hakuna aliyethubutu.

Wanajeshi wa Rwanda walifika Julai kupigana na waasi, na Agosti 8 mji wa Mocímboa da Praia ukakombolewa kutoka mikononi mwao. Tulianza kushuka baharini kwa miguu, kundi kwa kundi. Kwenda si kazi; kurudi na ndoo ya chaza kichwani ndiko kulikotuvunja shingo. Hata hivyo kitoweo kilipatikana, na waliolala barazani kwangu walikula nami.

Ninaloomba ni hili: gari la pwani likirudi, ratiba yake ipangwe na wanawake wanaoujua mwezi, na siku za bamvua liende mara mbili.