Genkuru: Dhahabu, Maji na Haki ya Jirani

Mwenye kusafiri kutoka mji wa Tarime kwenda Mugumu hupita katika nchi ya vilima na majabali, nchi ya Wakurya, watu wa ng'ombe, ulezi na mahindi. Kabla hajauvuka Mto Mara, ambao ng'ambo yake ni Wilaya ya Serengeti, hufika Nyamongo, na huko huona vilima vya namna nyingine, visivyo na mti wala nyasi. Vilima hivyo havikuwekwa pale na maumbile, bali ni mawe yaliyotolewa chini ya ardhi na kurundikwa na mitambo. Hapo ndipo ulipo mgodi wa dhahabu wa North Mara, yapata kilomita 100 mashariki ya Ziwa Viktoria na kilomita 20 kusini ya mpaka wa Kenya. Genkuru ni kimojawapo cha vijiji jirani na mgodi huo, pamoja na Kewanja, Nyangoto, Kerende, Matongo, Nyamwaga na Nyakunguru.

Twawaalika wasomaji wetu, wazee kwa vijana, wakitembelee kijiji hiki kwa fikira, kwa kuwa swali lake ni la kila nyumba yenye jirani: Je, mwenye mali ana deni gani kwa yule waliyepakana naye?

Dhahabu ya Nyamongo haikugunduliwa jana. Wenyeji waliichimba kwa sururu na nyundo kabla ya kampuni kubwa kuja. Mgodi mkubwa ulianza kuzalisha mwaka 2002, chini ya kampuni ya Afrika Mashariki Gold Mines. Mwaka 2003 ukawa mali ya Placer Dome, na mwaka 2006 ukaangukia mikononi mwa Barrick ya Kanada. Mwaka 2010 iliundwa African Barrick Gold, ambayo mwaka 2014 ikabadili jina na kuitwa Acacia. Mwaka 2019 Barrick ikaurudisha mgodi mikononi mwake, na katika mapatano yaliyofuata Serikali ya Tanzania ikapata hisa za asilimia 16.

Majina yalibadilika, lakini jirani alikuwa yule yule, na maji aliyokunywa yalikuwa yale yale. Mwezi wa Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini yakaingia katika Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mto Mara, na Mara nao huelekea Ziwa Viktoria. Tarehe 16 Mei 2011 watu kadhaa waliuawa kwa risasi za polisi pale mgodini. Baadhi ya wanakijiji walipeleka mashtaka yao juu ya vifo na majeraha ya mgodini hadi London, na mwaka 2015 shauri hilo likamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uchafuzi, kisha bwawa lake la topesumu likazuiliwa kutumiwa kwa muda.

Haki hutaka upande wa pili nao utajwe. Fedha za mgodi zimejenga madarasa, zahanati na miradi ya maji katika vijiji hivi, na vijana wengi wamepata kazi. Wala si insafu kuyabeza hayo. Lakini hapa ndipo fikira nyingi hupotea njia. Mtu huona darasa jipya akasema, "Kampuni hii ni njema," na huku jirani yake, anayelalamikia fidia ya shamba lake, husema, "Kampuni hii ni dhalimu." Wote wawili wamechanganya mambo mawili ambayo sheria yetu imeyatenga tangu zamani: deni na sadaka.

Deni ni haki ya mtu, na sadaka ni hiari ya mtoaji. Maji safi ya mto, fidia ya ardhi iliyochukuliwa na usalama wa roho ya mpita njia ni madeni. Darasa, likiwa limetolewa kwa hiari, ni sadaka. Na sadaka, hata ikiwa kubwa kama mlima, hailipi deni. Kurani Tukufu ina sura nzima inayobeba jina la wapunjao vipimo. Mchuuzi apunjaye mizani asubuhi, kisha jioni akagawa mikate kwa maskini, bado anadaiwa alichopunja. Kadhalika, mtu afapo, madeni yake hulipwa kabla ya warithi kugawana chochote. Basi kampuni inunuayo mgodi wenye faida haiwezi kusema kwamba machozi ya zamani yalikuwa ya mwenyewe wa kwanza.

Kwa sababu hiyo yafaa tuijue sheria ya nchi. Mwaka 2017 Sheria ya Madini ilirekebishwa. Mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, na mwenye mgodi akalazimishwa kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, unaokubaliwa na halmashauri na kufuata mahitaji ya wananchi. Kwa hiyo yaliyokuwa hisani sasa yamekuwa wajibu. Lakini amana hiyo imepita pia katika mikono ya viongozi wetu wenyewe, na mwanakijiji asiyehudhuria mkutano wa kijiji akauliza hesabu asistaajabu kuona darasa lisilo na paa.

Tena uadilifu hauna upande mmoja. Huko Nyamongo limezuka neno "kutegesha", yaani kujenga kibanda au kupanda mazao haraka mahali ambapo mgodi unatarajiwa kupanuliwa, ili kudai fidia. Afanyaye hivyo huwadhulumu wenziwe kwanza, kwani mwenye shamba la babu yake husimama katika safu moja na mwenye kibanda cha juzi, na wote wawili hutiliwa shaka. Uwongo wa mmoja huichelewesha haki ya kumi.

Ndugu msomaji, huenda huna mgodi. Labda una duka, karakana, au kinu cha kusagia unga. Maji machafu ya karakana yako yaenda wapi? Kijana wako wa kazi alilipwa kabla hujatoa mchango wa msikiti? Anza na deni, kisha ndipo ufike kwenye sadaka. Hili ndilo fundisho la Genkuru, na ni zito kwa mwenye duka kama lilivyo zito kwa mwenye dhahabu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa watimizao vipimo. Amin.