Shibiri Moja

Madagaska iliwahi kushikamana na pwani hii. Miaka milioni 160 hivi iliyopita ilianza kujitenga na Afrika Mashariki, ikateleza kuelekea kusini, na njia iliyopita ingalipo chini ya Bahari ya Hindi, mbele ya Tanzania na Msumbiji: mpasuko mrefu ambao wanajiolojia wanauita Davie. Nilijifunza hayo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati mama yangu akiuza vitenge Kariakoo ili mimi nisome. Jioni, akikunja mali, nilimsimulia.

Alichokipenda zaidi ni habari za Bonde la Ufa. Nilimweleza kwamba bamba la Nubia na bamba la Somalia yanaachana milimita chache tu kwa mwaka, na kwamba tangu azaliwe nchi imetanuka labda shibiri moja. Akatandaza vidole juu ya kitenge, kuanzia gumba mpaka cha mwisho, akautazama mkono wake.

“Umri wangu wote huu, mwanangu?”

“Ndiyo, mama.”

Akacheka, akaendelea kukunja. Mkono ule naukumbuka kuliko sura yake ya siku za mwisho hospitalini.

Alifariki kabla sijamaliza chuo. Nilitegemea kwamba somo lenyewe lingenisaidia, kwamba mtu aliyezoea kuhesabu miaka kwa mamilioni angekiona kifo kimoja kuwa kidogo. Hakikuwa kidogo. Niliketi darasani nikisikiliza jinsi ganda la dunia linavyozaliwa katikati ya bahari na kuzama kwenye kingo zake, nikayaelewa yote, nikafaulu mtihani, na hakuna hata neno moja kati ya hayo lililogusa mahali palipouma. Umri wa mtu haupimwi kwa kipimo cha mabara. Shibiri moja ya ardhi si kitu, lakini ndani yake alikuwemo mama mzima, na madeni yake, na sauti yake akiita wateja.

Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Baada ya arobaini mirathi ikagawanywa, nyumba ikauzwa, kama zilivyouzwa nyingi Kariakoo, ili ghorofa lipande. Kijiko kikaingia. Nilisimama kwenye uwazi wa mabati nikachungulia shimo, na macho yakafanya kazi yaliyofundishwa Mlimani, ya kusoma tabaka kutoka chini kwenda juu. Chini mchanga mweupe, kisha mwekundu. Juu yake utepe mweusi wa majivu na mkaa, pale palipokuwa jiko la uani. Juu kabisa kifusi cha kuta. Utepe ule mweusi ndio uliokuwa sisi: harusi mbili, misiba, futari za miaka yote. Ulikuwa mwembamba. Nilitamani kumwomba dereva asimame kidogo, lakini malori ya mchanga yalikuwa yanasubiri, nami nikaondoka.

Sina kinyongo na ghorofa lile. Saruji ya jiji hili, kwa sehemu kubwa, imetokana na mawe ya chokaa ya kilima cha Wazo, ambayo ni matumbawe na makombe ya bahari ya kale. Tunaishi ndani ya mabaki ya viumbe waliokufa zamani, na sioni ubaya wowote hapo.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili usiku, tetemeko la ukubwa unaokaribia 6 lilitokea baharini, kusini mashariki ya Dar es Salaam. Watu waliteremka ngazi mbio, wakasimama barabarani na watoto migongoni. Majengo ya Kariakoo yalitikisika, yakabaki yamesimama. Halafu Jumamosi asubuhi, 16 Novemba 2024, ardhi ikiwa imetulia kabisa, ghorofa moja hapo Kariakoo likaporomoka wakati wa biashara. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa. Wengi walitolewa hai; zaidi ya watu 20 walifariki, miongoni mwao watu waliofika tu kununua mzigo wa kupeleka mkoani.

Msibani kwa mama niliambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Niliyapokea maneno hayo kwa moyo wote, na nayapokea hadi leo, kwa sababu maradhi yake yalipiganiwa mpaka mwisho. Kwa wale wa Kariakoo nilisikia watu wakisema hivyo hivyo, nami sikuweza kuitikia. Dunia ninayoijua ina nguvu ya kutenga Madagaska na bara, lakini asubuhi ile haikuhusika. Nguzo zilisimamishwa na watu, na kwa ajili ya kila aliyefukuliwa pale nataka kujua zilikaguliwa na nani, lini, na nani aliridhika watu waendelee kufungua maduka chini yake.