Narudi Lamu, bila kamera

Leo sina habari za programu. Napanga kurudi Lamu kwa Maulidi, yale yanayosomwa kila mwaka Msikiti wa Riyadha. Niliandika kijiprogramu cha kugeuza tarehe za Kiislamu, kikanipa siku Mfungo Sita utakapoanza. Nikampigia rafiki yangu wa mtaa wa Langoni. Akacheka: “Mwezi huandama, ndugu yangu. Weka siku mbili za ziada.”

Nimeziweka. Kaptura zitabaki Nairobi. Hayo mepesi.

Zito ni hili. Safari iliyopita nilimpiga picha bibi mmoja amekaa barazani kwake, bila hodi wala salamu, nikaibandika papa hapa. Kumbe ni shangazi yake huyo rafiki, na wajukuu waliiona mtandaoni kabla yake. Niliifuta siku ile ile, lakini nakala zilikwisha kusambaa (nyie mnaotunza seva mnanielewa). Kwa hiyo nikivuka na boti kutoka uwanja wa ndege wa Manda, nitaanzia mlangoni pake kuomba radhi. Rafiki yangu amekubali kunipeleka.

Mlio wa Lamu, niambieni: nibebe halua, au sukari na majani ya chai?