Lita 76 katika nyumba ya magurudumu

Sisi tuliolelewa Ukambani hatuna haja ya kuambiwa mtungi wa lita 20 una uzito gani. Tunaujua kwa utosi, pale kamba ilipokuwa ikipita, na tunaujua kwa kiuno. Maji tuliyochimbua mchangani mtoni wakati wa kiangazi yalikuwa na hesabu yake: mtungi huu wa kupikia, huu wa ng'ombe, na nusu iliyobaki ni ya kunawa miguu jioni. Kwa hivyo binti yangu aliponiambia mwaka wa 2022 kwamba ningekaa naye miezi mitatu huko Marekani, katika nyumba ambayo ingebidi nifundishwe kutumia maji yake, nilicheka. Mwalimu mstaafu, mama wa watoto wanne, nifundishwe maji?

Nyumba yenyewe ilikuwa trela. Binti yangu ni muuguzi, tena wa wale wanaofanya kazi kwa mikataba ya wiki 13, leo hospitali hii, kesho ile, popote palipo na upungufu. Badala ya kupanga chumba kila anapohamia, alinunua trela ndogo ya futi 17 inayovutwa na pikapu. Ndani mna kitanda, meza, jiko la gesi la meko mawili, sinki, na chumba kidogo ambacho ni choo na bafu kwa pamoja. Mumewe alibaki Minnesota kwa sababu ya kazi yake. Mkataba uliopatikana ulikuwa jimbo la South Dakota, zamu tatu za usiku kila wiki, kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Na alikuwa na mtoto wa miezi mitano.

Hapo ndipo nilipoitwa. Bali mwanangu ni mtu wa kusema wazi, nami sikumlaumu. Aliniambia kwamba kama baada ya wiki moja angeona siwezi kuachwa usiku peke yangu na mtoto katika kijumba kile, angetafuta mwanamke wa kumlipa, nami nikae kama mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sikuwa nimesafiri mwendo wote ule ili ninyimwe jembe.

Tuliwekwa katika uwanja wa kambi pembeni mwa mji mdogo. Kila trela ina nafasi yake, na kila nafasi ina mfereji wa maji na sanduku la umeme. Somo la kwanza lilifanyika nje, ubavuni mwa trela, kwa kuwa huko kuna midomo miwili ya maji inayofanana kama mapacha. Mmoja ni wa kujazia tangi lililo chini ya kitanda. Mwingine unafungwa mpira kutoka mfereji wa kambi, na hapo maji hupita moja kwa moja hadi kwenye sinki bila kugusa tangi. Ukitumia huu wa pili, pampu huna haja nayo, kwa sababu nguvu za mfereji zinatosha. Zaweza hata kuzidi, ndiyo maana kati ya mfereji na mpira hufungwa kifaa kidogo cha shaba cha kupunguza nguvu hizo zisije zikapasua mabomba membamba ya ndani. Mpira wenyewe ni mweupe, wa maji ya kunywa tu. Ule wa kusafishia tangi la choo una rangi nyingine, unakaa katika sanduku jingine, na haikubaliki hata kidogo mipira hiyo miwili ikutane. Hilo halikuhitaji kurudiwa kwa mama yeyote.

Tangi ni la galoni 20. Galoni hazikuniambia kitu. Nilimwomba binti yangu anipe kwa lita, akasema 76, na papo hapo nikaliona: mitungi minne, kasoro lita nne. Tangu siku hiyo sikulifikiria tena kama chombo cha kigeni. Ni mitungi minne iliyofichwa chini ya kitanda.

Pampu nayo ni kidude kisichozidi chupa kubwa ya soda, kinachotumia umeme wa betri, wa volti 12. Ukibonyeza swichi yake ukutani inanguruma kidogo, inasukuma maji mpaka mabomba yajae, kisha inanyamaza yenyewe. Ukifungua mfereji inaamka, ukifunga inalala. Ikinguruma mfululizo na mfereji unatoa pumzi badala ya maji, tangi limekauka, uizime haraka. Ikiamka yenyewe wakati hakuna mfereji uliofunguliwa, basi maji yanapotelea mahali fulani. Binti yangu alilitaja hili la mwisho kwa kupita tu, huku akimfunga mtoto nepi. Mimi niliandika daftarini.

Jumamosi ya kwanza tulilisafisha tangi, maana maji yalikuwa na ladha ya plastiki. Kipimo ni theluthi ya kikombe cha dawa ya klorini ya kufulia, ile ambayo sisi huku tumezoea kuiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine, na isiwe ya manukato. Unaichanganya kwanza katika ndoo, unaimimina tangini, unajaza maji mpaka juu. Kisha unafungua kila mfereji, wa baridi na wa moto, hadi usikie harufu ya klorini, ndipo unafunga na kuacha usiku kucha. Asubuhi unamwaga yote, unajaza maji safi, unamwaga tena mpaka harufu iishe. Harufu ile ilinirudisha kwenye mapipa ya shule wakati wa kipindupindu cha 1998, watoto wamepanga foleni na vikombe vyao. Hata baada ya usafi huo wote, maji ya chupa ya mjukuu wangu niliyachemsha. Binti yangu alisema si lazima. Nilichemsha.

Tulichokosania kilikuwa kitu kingine. Nilikuwa nikiosha vyombo kwa beseni, na maji ya kusuuzia nayaweka kando ya kuoshea nepi. Binti yangu alirudi kutoka zamu, amechoka, akaona mabeseni matatu yamejaza sakafu. "Mama, hapa si Machakos," akasema. "Maji yapo, mfereji uko nje." Yalikuwa maneno madogo, lakini yalinichoma. Nilikunja mabeseni, zile za plastiki laini zinazokunjika, nikayaweka chini ya meza. Tangu hapo nikawa naacha maji yatiririke kama wenyeji, moyo ukiniuma kila nilipoyasikia yakishuka.

Yanashuka yaende wapi? Nalo nililiuliza. Yana tangi lake, la maji machafu ya sinki na bafu, na choo kina lake. Kuna kibao ukutani chenye taa nne ndogo za kuonyesha kila tangi limefika wapi: tupu, theluthi, theluthi mbili, limejaa. Taa za maji safi husema kweli kwa kiasi fulani. Taa za choo ni waongo, kwani karatasi ikinata ndani zinakwambia limejaa hata kama ulilimwaga jana. Na hata zile za kweli, unapoona theluthi mbili huwezi kujua kama umebakiwa na karibu mitungi minne au miwili na nusu tu. Mtu anayebeba maji yake hawezi kuchezewa hivyo.

Mwishoni mwa Septemba binti yangu alipata siku nne za mapumziko, tukaivuta trela hadi Badlands, mbuga yenye vilima vya udongo mtupu vilivyochongwa na mvua, vyenye mistari myekundu na ya kijivu. Nilipoviona nilidhani tumetokea Kitui kwa njia ya nyuma. Mahali tulipolala hapakuwa na mfereji wala umeme. Tulikuwa na lita 76 zetu, basi.

Jioni ya kwanza binti yangu alitaka kuoga. Nikamwuliza shawa ile inatoa lita ngapi kwa dakika. Hakujua. Nikaweka ndoo chini yake na saa mkononi: lita saba, na ushei. Dakika kumi za kuoga, na mitungi minne imekwisha, sisi tuko maili nyingi kutoka mfereji wa karibu na mtoto wa kunyonyesha. Aliitazama ndoo, akanitazama mimi. Kisha yeye mwenyewe akaingiza mkono chini ya meza akatoa mabeseni.

Tulikaa siku nne. Mtoto alioga kwa lita nne, na maji yake hayakumwagwa mpaka yamefua nepi. Vyombo vilifutwa kwa karatasi kwanza, vikaoshwa kwa lita mbili, vikasuuzwa kwa moja. Sisi wakubwa tulijipangusa kwa kitambaa na maji ya moto, kama nilivyomwogesha yeye alipokuwa mdogo. Wakati wa kuondoka taa ya theluthi ilikuwa bado inawaka. Binti yangu alipiga picha kibao kile cha taa na kumtumia mumewe. Mimi nilidhani atapiga picha wale nyati wao wenye manyoya mabegani.

Tulirudi kambini jioni yenye upepo. Redio ilikuwa imetangaza kwamba usiku huo ungekuwa chini ya nyuzi sifuri, kwa hivyo hatukufunga mpira nje, kwa kuwa mpira ulioachwa na maji usiku wa namna hiyo huganda kama chuma. Tulijaza tangi, ambalo liko ndani kwenye joto, tukawasha pampu, naye akaenda zamu yake.

Saa tano usiku pampu ikanguruma. Sekunde mbili, kimya. Mtoto amelala, mimi nimelala, hakuna aliyefungua mfereji. Nikasubiri na saa. Baada ya dakika sita, tena.

Sikumpigia simu. Muuguzi aliye wodini usiku asipigiwe simu kwa jambo ambalo bado hujaliangalia. Nilizima pampu kwanza, ili kama ni kuvuja kupungue. Nikachukua tochi na karatasi kavu ya jikoni, nikaanza kupapasa kila mahali bomba linapokutana na bomba: nyuma ya choo, kavu. Kwenye pampu, kavu. Chini ya sinki, nyuma ya sabuni na mifuko, karatasi ikalowa. Kulikuwa na nati nyeupe ya plastiki, na tone limening'inia. Barabara ya Badlands ilikuwa ya vumbi na mawimbi, na nati za namna ile hulegea kwa mtikisiko. Hazikazwi kwa spana, kwani zitapasuka. Nilikaza kwa vidole mpaka ikakataa. Nikawasha pampu, ikanguruma, ikanyamaza. Nilikaa kitandani na saa mkononi hadi saa sita na nusu, na kimya kilichokuwamo humo ndani sijawahi kukifurahia hivyo.

Asubuhi nilimweleza. Aliinama, akamulika chini ya sinki, akagusa nati kwa kidole, kavu. Hakusema neno, akaniuliza kama kuna chai. Lakini tangu usiku uliofuata aliacha ile desturi yake ya kunipigia kila saa mbili kutoka hospitali. Habari za kumtafuta mwanamke wa kulipwa hazikutajwa tena.

Trela iliyofuata yetu ilikuwa ya bibi mmoja mjane, ameishi humo miaka tisa na mbwa wake. Ni yeye aliyenifundisha mambo ya Novemba. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kama asilimia tisa, na nafasi hiyo huitafuta kwa nguvu, iwe ni kwenye pampu, kwenye mfereji au kwenye kile kifaa cha shaba. Kwa hivyo usiku wa baridi tulikuwa tukiacha milango ya makabati wazi ili joto liyafikie mabomba. Na mkataba ulipokwisha, trela ikitaka kuwekwa ghalani hadi masika, tulimwaga maji yote: tangi, lile pipa dogo la maji moto la lita 22 baada ya kuzimwa na kupoa, na vijibomba viwili vilivyo chini kabisa ya trela. Pipa la maji moto tulilifungia njia yake kwa vali. Kisha pampu ikavuta dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya mabomba ya maji ya kunywa. Ile ya kijani ya injini za magari ni sumu, isikaribie hapo.

Nilisimama ndani nikifungua mfereji mmoja baada ya mwingine, baridi, moto, choo, bafu, nikifunga kila unapotema rangi ya waridi. Binti yangu alikuwa nje na mtoto mgongoni, nimemfunga mimi kwa leso, akisoma orodha kutoka daftari langu.

Aprili iliyofuata nilikuwa nyumbani nikichambua ndengu simu ilipolia. Alikuwa amesimama kando ya trela, ndoo mkononi. Alitaka kipimo cha dawa ya klorini. Nikamwambia theluthi ya kikombe, isiwe ya manukato, na asisahau ule mfereji wa kuogea ulio nje, nyuma ya kijimlango, maana huo ndio watu huuruka.